Miongoni mwa Tuliowapata

3 Machi

Mdogo wangu,

"Utafiti wa chuo kikuu umethibitisha kwamba vijana sita kati ya kumi wanaotoka makao ya watoto hujitegemea ndani ya mwaka mmoja. Serikali haina sababu ya kuendelea kumlea mtu mzima."

Ni maneno yako hayo, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Watoto na Vijana. Nilikuwa kwenye foleni ya benki nilipoyasoma gazetini, na baba mmoja aliyekuwa akichungulia begani kwangu akasema, "Afadhali. Wamebebwa vya kutosha." Unaona kazi ya sentensi moja?

Utafiti huo ni wangu, na haukuthibitisha kitu cha namna hiyo. Niliandika: miongoni mwa tuliowapata, sita kati ya kumi wanajitegemea. Maneno matatu ya mwanzo umeyakata kama fundi cherehani mlevi, ukabaki na suruali ya mguu mmoja. Karibu nusu ya vijana tuliowatafuta hatukuwapata. Wewe umewafuta. Ni sawa na daktari anayewauliza wagonjwa waliorudi kliniki kama dawa iliwafaa, kisha akatangaza kwamba hakuna aliyekufa.

Na huyo "mtu mzima" ni nani? Katika makao yaliyo jirani na chuo chetu kuna msichana wanamwita Kasuku, kwa sababu hanyamazi. Aliokotwa sokoni akiwa ameshaanza kutembea. Daktari alimwangalia meno akakadiria umri. Siku ya kuzaliwa haijulikani, na makao yale yana desturi: mtoto asiye na siku yake hupewa siku makao yalipofunguliwa, tarehe moja Julai. Wote huimbiwa pamoja na kukata keki moja. Ilikuwa desturi ya upendo. Chini ya kanuni mnayoiandaa itakuwa siku ya kutolewa nje. Mpaka sasa walezi walikuwa wanamfumbia macho aliye bado shuleni. Kanuni yenu inasema kumi na minane ni kumi na minane. Kasuku yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mtihani ni Novemba. Julai atakuwa mtu mzima kwa ushahidi wa meno.

Rekebisha kauli yako hadharani. Ningepiga simu, lakini wewe ukizidiwa hoja hukata na kusingizia mtandao.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Kama unavyoona, sikutumia karatasi ya ofisi. Hii nimeichana kwenye daftari la mwanangu, na bado ananuna.

Hotuba niliiandika na maneno yako matatu yakiwamo. Ilipita meza mbili, ikarudi bila hayo. Niliona. Nikasimama nikaisoma hivyo hivyo, kwa hiyo sina meza ya kusingizia.

Lakini na wewe nisikilize, kama unaweza kumsikiliza mtu bila kushika kalamu nyekundu. Wiki iliyopita nilitembelea makao fulani. Korido nzima imejaa vitanda vidogo. Watoto watatu kitanda kimoja, wawili kichwa huku, mmoja kichwa kule, miguu ya huyu mdomoni mwa yule. Wa umri wa miaka miwili, dada. Kwenye chumba cha mwisho nikakuta jamaa ana ndevu kunizidi, amelala peke yake, amevaa viatu. Nikamuuliza anafanya nini pale. Akanijibu, "Nasubiri." Wewe unawafuata wanaotoka. Nani anawafuata wanaokosa pa kuingia? Waziri ananiuliza hilo kila Jumatatu, na ripoti yako nzuri yenye kurasa mia mbili haina jibu.

Nakuomba jambo moja. Usiandike gazetini mpaka mwisho wa Mei. Usiniulize kwa nini. Najua kwako mtu aliyenyamaza ni mwoga, lakini wakati mwingine mtu ananyamaza kwa sababu amebeba chombo kilichojaa mpaka ukingoni. Wasalimie nyumbani.

Kitindamimba wako

5 Aprili

Shikamoo Mama Maswali,

Mimi ni Kasuku. Najua unaijua hati yangu mbaya. Uliniambia nikiwa na jambo nikuandikie, sasa ninayo mengi, kaa chini.

Mlezi mkuu ametuita sisi saba wa mwaka huu. Tutapewa kila mmoja godoro, ndoo, na begi. Ametufundisha kupanga nguo kwenye begi ili zisijikunje. Nikamuuliza, "Mama, na begi tunalipeleka wapi?" Akasema, "Kasuku, usianze." Kisha akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, kwa hiyo sikuanza.

Shule ni mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Mwalimu wa hesabu anasema nikikaza nitapata nafasi ya chuo, upimaji ardhi. Nataka mtihani tu, Mama. Nikishaufanya watanitoa hata dirishani, sitalia.

Sasa lingine. Unamkumbuka Kaka Redio, aliyetoka mwaka juzi? Anaosha magari nyuma ya stendi. Nilimkuta. Akaniambia, "Mama Maswali alikuja hapa na vijana wake wa chuo. Nikajifungia chooni mpaka wakaondoka." Nikamwambia, "Kwa nini? Yule mama hang'ati." Akasema, "Kabla sijatoka makao aliniuliza, baada ya mwaka utakuwa nani? Nikasema fundi umeme. Akaandika. Wanaporudi wanakusomea ulichosema, halafu wanakuuliza umefikia wapi. Nitoke na ndoo ya sabuni nimwambie nini?" Anasema wako wengi hivyo. Wakisikia mmekuja wanapeana habari na kutawanyika kama wamekuja polisi.

Usikasirike na mimi. Nimeona nikwambie kwa sababu na mimi uliniuliza, na mimi nilijibu. Nikitoka Julai sijui nitakuwa wapi, lakini nitajaribu kutokujificha.

Mwanao Kasuku

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nakunakilia barua ya Kasuku. Isome mara mbili, ya pili ukiwa umefunga mlango.

Swali lile ni langu. Ndilo la mwisho kwenye dodoso letu: baada ya mwaka mmoja utakuwa unafanya nini? Nililipenda kwa sababu lina matumaini. Tukirudi tunasoma jibu la kijana mbele yake, ndipo tunamuuliza hali yake. Kumbe tulikuwa tunamfuata kila aliyekwama na hati ya mashtaka aliyoitamka mwenyewe. Waliofanikiwa walitoka kutupokea, na wale wengine wakajifungia vyooni. Kwa hiyo hata wale sita kati ya kumi ni wengi mno. Ukweli ni mbaya kuliko nilivyouandika, na nilivyouandika ni vibaya kuliko ulivyousoma wewe jukwaani.

Nimeshalifuta swali hilo. Wewe umefuta nini?

Kuhusu watoto wa korido: nimekusikia, na ni kweli, na ni aibu. Lakini hoja yako inasema mtoto mkubwa amenyang'anya kitanda cha mtoto mdogo. Hapana. Wizara ndiyo iliyonunua vitanda pungufu, sasa inawagombanisha watoto wenyewe kwa wenyewe kama mwenye nyumba anayewafungia wapangaji maji kisha akawaambia waulizane nani kayamaliza.

Na huyo mwenye ndevu aliyelala na viatu akisema anasubiri, ulimcheka. Wewe ulipofeli mtihani ulikaa nyumbani kwa baba miaka miwili. Ulikuwa unaamka saa nne. Mama alikuwa anakufunikia chakula na sahani, na mimi nilipofungua mdomo baba akasema, "Mwacheni, anajikusanya." Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nani alikupa godoro na ndoo?

Unaniambia ninyamaze mpaka mwisho wa Mei. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mshindo wako siusikii. Nakupa mpaka wiki ya kwanza ya Mei.

Dada yako

8 Mei

Dada, shikamoo.

Nimekuwa safarini, barua yako nimeikuta mezani leo. Tafadhali, kama hujaandika, usiandike. Sasa nakwambia kwa nini, ingawa niliapa kutomwambia mtu.

Katika rasimu ya kanuni nimeingiza kifungu. Kijana aliye shuleni atabaki makao mpaka amalize mtihani wake wa mwisho, na kila anayetoka atatembelewa na ofisa ustawi kila mwezi kwa miaka miwili. Kifungu hicho nimekitoa kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti yako, neno kwa neno. Nimekiweka katikati ya mambo ya usafi wa majiko, mahali ambapo hakuna anayesoma kwa hamaki. Mwanasheria amekipitisha. Katibu mkuu amekipitisha. Waziri anasaini tarehe ishirini na nane.

Waziri akihisi tu kwamba kifungu kimetoka upande wa wanaompinga gazetini, atakichomoa. Namjua. Si mtu mbaya, ila akishambuliwa anakuwa kama kobe, hatoi kichwa hata umpe maji.

Yule mwenye ndevu sikumcheka, dada. Nilikaa naye karibu saa nzima. Nilimkumbuka mtu.

Kitindamimba

9 Mei

Mdogo wangu,

Makala imetoka asubuhi hii, ukurasa wa tano, na nakala naiambatisha. Nimekutaja kwa cheo, si kwa undugu, lakini mji mzima unatujua. Kichwa cha habari wamekiweka wao: "Wizara Yawafuta Watoto." Mimi sikukipinga.

Utanuna. Nuna. Mtihani wa Kasuku una thamani kuliko uso wako wa Jumatatu.

Dada yako

17 Mei

Dada,

Barua zetu zilipishana njiani. Kufikia sasa umeshaisoma yangu, na najua umeketi wapi ulipoisoma.

Waziri aliniita. Makala yako ilikuwa mezani, rasimu ya kanuni pembeni. Alisoma kifungu kwa sauti, taratibu, kisha akageuza gazeti akasoma aya yako ya mwisho. Maneno ni yaleyale ya ripoti yako, bila shaka. Akaniuliza, "Mkurugenzi, hiki kifungu umeandika wewe au ameandika dada yako?"

Nikasema, "Ameandika yeye, Mheshimiwa, na ni sahihi."

Ningeweza kusema vingine. Sikuweza.

Kifungu kimekatwa kwa kalamu palepale. Ametia saini kanuni bila kungoja tarehe. Itaanza tarehe moja Julai. Mimi kuanzia Jumatatu nasimamia magari ya wizara. Mtu wa karakana amenikaribisha vizuri sana, kanionyesha matairi. Nimefurahi, matairi hayana dada.

Usinijibu kwa sasa.

Mdogo wako

26 Mei

Mdogo wangu,

Najibu. Lini nilikusikiliza?

Ungeniambia mwezi Machi ningefunga mdomo. Ingenichoma, lakini ningefunga. Ulinijua tangu unanyonya, ukaniambia "usiniulize kwa nini", mimi, ambaye kuuliza kwa nini ndio mshahara wangu. Ulinificha kama vile mimi ndiye kobe. Na kifungu kinachokufa kwa makala moja ya ukurasa wa tano hakikuwa na afya. Haya yote ni kweli. Nimeyaandika mara nne na kila mara ni kweli, na kila mara nikifika mwisho naona cheo chako kimekwenda, kifungu kimekwenda, na yule mtoto anapanga nguo kwenye begi. Nisamehe. Hilo sikuliandika mara nne, nimeliandika mara moja.

Nilitaka kumchukua Kasuku akae kwangu. Nina chumba. Nimewauliza kamati ya maadili ya chuo, kwa sababu yumo kwenye utafiti. Wamenijibu kwa adabu: mtafiti akimlea anayemtafiti, utafiti umeingiwa na upendeleo, na wizara itakuwa na haki ya kuutupa wote. Wana hoja, na nachukia wakiwa na hoja. Nikimpa mmoja kitanda, nawapa wenzio fimbo ya kuwapigia wote. Nisipompa, nimejenga jina kwa machozi ya watu. Nimepita nyumba tatu za marafiki. Wote wana huruma, hakuna mwenye nafasi.

Sikuombi kitu. Nakuelezea tu.

Dada yako

28 Juni

Shikamoo Mama Maswali,

Barua fupi, shangaa.

Kati ya sisi saba, wawili wameshaondoka bila kuaga. Asubuhi magodoro yao yalikuwa yamekunjwa vizuri mlangoni. Hawakuyachukua. Ndoo walichukua.

Mimi nimepata pa kwenda. Mama mmoja anayefahamiana na mpishi wetu anataka msichana wa kazi za ndani. Ana watoto wanne. Ni mbali, mji mwingine. Amesema shule nitamalizia mwakani watoto wakikua kidogo. Nikamuuliza, "Mama, mdogo ana umri gani?" Akasema miezi mitatu. Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza, makao yote yalishangaa.

Anakuja kunichukua tarehe moja saa nne. Vitabu nimempa mwenzangu wa kidato cha tatu isipokuwa kile cha hesabu. Usijilaumu, Mama. Nasikia uligombana na watu wakubwa kwa ajili yetu. Hapa tulilibandika gazeti bwenini.

Mwanao Kasuku

3 Julai

Dada, shikamoo.

Yuko kwangu.

Sikukwambia kwa sababu ungeandika makala. (Natania. Kidogo.)

Nilikwenda kwa basi, ingawa magari yote ya wizara yako chini yangu. Nilijua swali lako la kwanza lingekuwa hilo. Nilifika tarehe moja, saa tatu. Mlezi mkuu akanitaka fomu za kumchukua mtoto. Nikamwambia, "Huyu tangu leo ni mtu mzima, mama. Mtu mzima hachukuliwi kwa fomu. Nimeisoma kanuni, sehemu kubwa nimeiandika mimi." Halafu akaleta begi mwenyewe. Kasuku alikuwa ameketi ukutani na kitabu cha hesabu. Nikajieleza mimi ni nani. Akasema, "Wewe ndiye uliyesema tunajitegemea?" Nikasema ndimi. Akasema, "Basi nibebee ndoo."

Yule mama wa watoto wanne tulipishana naye langoni. Kasuku alimwomba radhi vizuri, akamtajia jina la dawa ya chango.

Mke wangu, ambaye sikumwambia chochote, jambo ambalo naona ni ugonjwa wangu, aliniuliza jikoni, "Anakaa mpaka lini?" Kasuku akajibu kutoka sebuleni kabla sijafungua mdomo: "Mpaka mnichoke, mama, na mimi sichoshi haraka." Mke wangu alicheka, kisha akalia, kisha akanifukuza jikoni. Mwanangu amehamia kochi. Shule ya huku imempokea. Kituo chake cha mtihani kinahamishwa. Mimi si mtu wa idara ya watoto tena, kwa hiyo hakuna kanuni ninayoivunja wala utafiti ninaouharibu. Ulinitimua mahali pazuri.

Wengine wanne nimeona wakitoka langoni na magodoro vichwani. Mmoja aliniamkia. Sikuwa na kitanda cha pili. Hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho.

Kamati ya bunge inapitia kanuni mwezi Oktoba na ina mamlaka ya kuirudisha. Waandikie. Safari hii sikuambii ungoje. Taja kwamba kifungu kilikuwapo. Nitaje mimi, na undugu wetu utaje. Wakitaka matairi yangu nayo, wachukue.

Kitindamimba wako

2 Oktoba

Kwa wajumbe wa kamati ya bunge inayopitia kanuni za makao ya watoto,

Nimeambiwa kwamba baadhi yenu wanamtaja msichana mmoja aliyetoka makao Julai, akapokewa na familia na sasa anajiandaa kwa mtihani wake, na kwamba mnasema: "Unaona? Jamii ipo. Kanuni inafanya kazi."

Namjua msichana huyo. Aliyempokea ni mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi wenu, ndiye aliyeandika kifungu cha kuwalinda walio shuleni, na alikipoteza kifungu na kiti chake wiki ileile kwa sababu mimi nilichapisha makala bila kujua. Msichana hakuokolewa na kanuni. Aliokolewa na mtu aliyeadhibiwa kwa kuipinga. Huruma ya nyumba moja si sera, na anayeifanya kuwa sera awe tayari kutaja nyumba nyingine sita.

Maana walikuwa saba. Wawili waliondoka kabla ya siku. Mmoja wao tumempata: anabeba mizigo stendi, na safari hii hakujificha, kwa sababu hatukumuuliza aliahidi kuwa nani, tulimuuliza amekula nini. Aliacha shule. Wanne waliotoka langoni wameacha shule wote. Yule wa pili aliyeondoka kabla ya siku, msichana, bado tunamtafuta. Simtaji, kwa sababu sitaki asome hapa kwamba anatafutwa akakimbia zaidi.

Mtasema kuna watoto wadogo wanaolala korido. Wapo. Nunueni vitanda. Msiniletee mtoto wa miaka miwili kama ngao mbele ya mtoto wa kumi na saba ambaye daktari alimpa kumi na minane kwa kumtazama meno.

Mtasema utafiti wangu una kasoro. Unazo, na nimezichapisha mwenyewe, na kila kasoro niliyoikuta inazidisha idadi ya waliopotea.

Kifungu hakihitaji kubuniwa. Kiliandikwa, kikapitiwa na mwanasheria wa serikali, kikakatwa kwa hasira ya asubuhi moja. Mwenyekiti, nakala unayo. Nimeiweka mkononi mwako mwenyewe na uliikunja ukaitia mfukoni. Itoe. Isome kwa sauti Jumanne, mbele ya wenzako kumi na mmoja. Irudisheni kanuni kwa waziri na kifungu kikiwa ndani yake, na waagizeni maofisa ustawi waanze na hao sita, wiki hii, kabla ya mtihani, maana shule bado zimewaandikia majina. Na kama mmeamua kuipitisha ilivyo, basi kila mmoja wenu aweke jina lake chini yake, na tarehe moja Julai ijayo asimame langoni, amtazame anayetoka, amwambie aende wapi.

Mtafiti wa chuo kikuu, na dada wa aliyekuwa mkurugenzi